Twende na Wakati

Twende na Wakati ni mchezo wa kuigiza wa redio uliotangazwa kwa Kiswahili na Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) kuanzia mwezi wa Julai 1993. Ulikuwa mchezo wa mfululizo, yaani hadithi moja ndefu iliyogawanywa katika sehemu nyingi. Kila sehemu ilichukua nusu saa, na sehemu mbili zilisikika kila wiki, saa 12:30 jioni. Lengo lake lilikuwa kuelimisha umma juu ya uzazi wa mpango, hadhi ya wanawake na kinga dhidi ya UKIMWI, na mafunzo hayo yaliwekwa ndani ya maisha ya wahusika badala ya kutolewa kama hotuba.

Mhusika wake mashuhuri zaidi ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na wapenzi njiani, ambaye mwishowe anakufa kwa UKIMWI. Jina lake liliingia katika mazungumzo ya kila siku, na mwanamume mwenye tabia kama zake akaitwa "mkwaju".

Mchezo huu unakumbukwa pia kwa jambo lililofanyika nyuma ya pazia. Kwa miaka miwili ya kwanza haukurushwa kupitia mtambo wa Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha watu waliousikia na wale ambao hawakuusikia. Ni kati ya majaribio makubwa zaidi kuwahi kufanywa duniani ili kupima kama hadithi inaweza kubadili mwenendo wa watu.

Usuli

Redio ilikuwa chombo kikuu cha elimu ya watu wazima Tanzania tangu miaka ya kwanza ya uhuru. Katika miaka ya 1970 serikali iliendesha kampeni kadhaa kwa njia ya redio na vikundi vya wasikilizaji. Kubwa kati ya hizo ilikuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyohusisha watu wapatao milioni 2, ikafuatwa na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Wasikilizaji walikusanyika kijijini, wakasikiliza kipindi pamoja, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo au kulima bustani.

Sambamba na kampeni hizo, RTD ilikuwa na desturi ya michezo ya kuchekesha. Pwagu na Pwaguzi ni mfano ambao wengi bado wanaukumbuka. Kwa hiyo mwaka 1993 msikilizaji wa Tanzania alikuwa ameshazoea mambo mawili: redio inayofundisha na redio inayoigiza. Twende na Wakati uliyaunganisha.

Televisheni haikuwa na nafasi katika mpango huo. Zanzibar ilikuwa na kituo cha televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na matangazo ya televisheni hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza. Mchezo uliokusudiwa kuwafikia watu wa vijijini ulilazimika kuwa wa redio.

Mambo mawili yalifanya kazi hiyo ionekane ya haraka. La kwanza ni Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ya mwaka 1992, iliyotaka elimu ya uzazi wa mpango ienezwe. La pili ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini, watu 3, walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti ugonjwa huo. Wakati ule dawa za kufubaza virusi hazikupatikana kwa wananchi. Kinga pekee ilikuwa kubadili mwenendo.

Asili ya mbinu

Ingawa Twende na Wakati ulikuwa wa redio, mbinu yake ilitoka katika televisheni. Mwaka 1969 televisheni ya Peru ilianza kuonyesha tamthilia ya Simplemente María, kisa cha msichana mtumishi wa nyumbani aliyejifunza kusoma na kushona hadi akawa mbunifu wa mavazi. Tamthilia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya burudani na biashara tu. Hata hivyo, popote ilipoonyeshwa katika Amerika ya Kilatini, wasichana walijiandikisha katika madarasa ya kusoma na mauzo ya cherehani yakapanda.

Miguel Sabido, mtayarishaji wa kampuni ya Televisa nchini Mexico, aliichunguza tamthilia hiyo ili kujua kilichowavuta watazamaji. Alitumia nadharia ya Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeeleza kwamba watu hujifunza kwa kuwatazama wengine, pamoja na mawazo ya Eric Bentley kuhusu drama. Kutokana na hayo alitunga kanuni za tamthilia ya kuelimisha. Ya kwanza, Ven Conmigo, ilionyeshwa mwaka 1975 na ilihusu kisomo cha watu wazima. Iliyofuata, Acompáñame ya mwaka 1977 hadi 1978, ilihusu uzazi wa mpango.

Mbinu hiyo ilienea duniani. India ilionyesha Hum Log mwaka 1984 na 1985. Kenya ilifuata mwaka 1987 kwa tamthilia ya televisheni Tushauriane na mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana. Shirika la Population Communications International (PCI) la New York, lililoanzishwa na David Poindexter, ndilo lililosaidia kuieneza. Nchini Tanzania PCI ilishirikiana na RTD, na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu (UNFPA) ulitoa fedha.

Hadithi na wahusika

Kanuni ya Sabido inataka makundi matatu ya wahusika. Kundi la kwanza ni la wahusika wema, ambao tayari wanaishi kwa mwenendo unaopendekezwa. Kundi la pili ni la wahusika wabaya, wanaoupinga mwenendo huo. Kundi la tatu ni la wahusika wanaosita: wanavutwa huku na kule, wanakosea, wanajifunza, na hatimaye wanachagua. Kundi hili la tatu ndilo muhimu zaidi, kwa kuwa msikilizaji wa kawaida hujiona ndani yake.

Katika Twende na Wakati, Mkwaju ni mfano wa mhusika mbaya. Anaendesha lori la masafa marefu, anatumia mshahara wake kwa pombe, na ana wapenzi katika vituo vya njiani. Nyumbani anataka kutawala na hajali idadi ya watoto. Kwa muda mrefu mambo yanamwendea vizuri, na baadhi ya wasikilizaji walimwona ni mtu wa kuchekesha. Baadaye adhabu inakuja polepole kwa njia ya ugonjwa.

Tunu, mke wa Mkwaju, ni mhusika anayesita. Mwanzoni ni mke mtiifu anayevumilia kila kitu. Baadaye anaanza biashara ndogo sokoni, anapata fedha zake mwenyewe, na anaachana na mumewe. Hata hivyo Mkwaju anapougua, Tunu ndiye anayemuuguza. Safari ya Tunu haikutokea ghafla: ilichukua sehemu nyingi, huku akirudi nyuma mara kwa mara, na msikilizaji akajiuliza kama ataweza.

Upande wa wema walikuwapo Fundi Mitindo, mshonaji, na mkewe Mama Waridi. Ndoa yao ilionyesha watu wanaozungumza na kupanga pamoja.

Jinsi mchezo ulivyotengenezwa

Utafiti wa awali

Mchezo wa aina hii hauanzi kwa kalamu ya mwandishi. Kwanza hufanyika utafiti kuhusu mambo watu wanayoyajua, wanayoyaamini na wanayoyafanya. Kutokana na utafiti huo pamoja na sheria na sera za nchi, huandaliwa jedwali la maadili. Jedwali hilo ni orodha ya kauli zinazoeleza mambo ambayo mchezo utayaunga mkono na yale utakayoyapinga, kwa mfano kwamba ni vizuri mume na mke wajadiliane kuhusu idadi ya watoto. Jedwali hupitishwa na wahusika wa serikali na jamii kabla ya kuandika. Likishapitishwa, linamlinda mwandishi: akilaumiwa kwa kugusa jambo la faragha, anaweza kuonyesha kwamba jambo hilo lilikubaliwa tangu awali.

Kuandika

Baada ya jedwali, waandishi huchora mkondo wa kila mhusika tangu mwanzo hadi mwisho. Mhusika mbaya lazima aadhibiwe, mwema apate thawabu, na anayesita apate thawabu kila anapopiga hatua mbele. Malipo hayo yanapaswa kutokana na matendo ya mhusika mwenyewe. Ugonjwa wa Mkwaju unatokana na maisha anayoishi, hauletwi na bahati mbaya ya ghafla.

Hadithi kadhaa huendeshwa kwa wakati mmoja na kusukwa pamoja. Katika nusu saa msikilizaji anaweza kusikia onyesho la nyumbani kwa Tunu, kisha la baa, kisha la kiwandani au shambani. Kila sehemu huishia penye swali: mlango umegongwa, barua imefika, mtu ametamka neno lililopaswa kufichwa. Msikilizaji analazimika kungoja siku nyingine.

Kurekodi na kuhariri

Katika televisheni, mhariri anaweza kumwambia mtazamaji kwa picha moja kwamba mahali pamebadilika. Katika redio kazi hiyo hufanywa kwa sauti peke yake. Kelele za wateja na chupa zinaeleza baa, jogoo anaeleza alfajiri, na mngurumo wa injini unaeleza kwamba dereva yuko njiani. Ukimya wa sekunde chache huonyesha kwamba muda umepita. Ukizidi, msikilizaji hudhani redio imezimika.

Kwa kuwa wahusika hawaonekani, sauti za waigizaji huchaguliwa zisifanane. Wanaume wawili wenye sauti nzito wakiwekwa katika onyesho moja, msikilizaji hupotea. Kwa sababu hiyo pia wahusika hutajana majina mara nyingi kuliko watu wanavyofanya katika maisha ya kawaida, hasa mwanzoni mwa onyesho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 studio za redio za Afrika Mashariki zilikuwa bado zinafanya kazi kwa tepu za sumaku zilizozungushwa kwenye gurudumu. Kuhariri tepu kulikuwa kazi ya mikono. Fundi alizungusha tepu polepole kwa vidole mpaka asikie mahali neno linapoanza, akaweka alama kwa kalamu, akakata kwa wembe kwa mshazari, kisha akaunganisha ncha mbili kwa utepe wa gundi. Mkato ukiwa wima kabisa, mlio wa kukwaruza ungeweza kusikika. Kipande kilichokatwa kikitupwa, onyesho hilo halirudi tena. Tepu zilikuwa ghali, hivyo katika vituo vingi duniani zilifutwa na kurekodiwa juu yake vipindi vingine, na michezo mingi ya zamani ikapotea kwa njia hiyo.

Maneno ya kufunga

Mbinu ya Sabido hufunga kila sehemu kwa maneno mafupi ya msemaji anayeheshimika. Msemaji huyo hakumbushi hadithi tu, bali huuliza maswali: je, fulani alifanya vyema? Wewe ungefanya nini? Nchini India kazi hiyo katika Hum Log ilifanywa na mwigizaji mkongwe wa filamu Ashok Kumar, na uso wake ukawa sehemu ya umaarufu wa tamthilia. Lengo ni kuhamisha mazungumzo kutoka studio hadi nyumbani, ambako mume na mke au majirani waendelee kujadili.

Udadisi wa wasikilizaji

Wapenzi wa michezo ya mfululizo mara nyingi hutaka kujua mambo mawili: kama wahusika ni watu wa kweli, na nani anaamua yatakayowapata. Udadisi huo umejitokeza kila mahali mbinu hii ilipotumika. Wakati harusi ya mwisho ya Simplemente María iliporekodiwa katika kanisa moja mjini Lima, watu wapatao 10,000 walikusanyika nje. Nchini India watengenezaji wa Hum Log walipokea barua zinazokadiriwa kuwa 400,000, nyingi zikiwashauri wahusika kana kwamba ni ndugu wa familia.

Kwa mchezo wa redio udadisi unakuwa mkubwa zaidi, kwa sababu kila msikilizaji hujichorea sura ya mhusika kichwani. Mkwaju wa msikilizaji wa Bukoba na Mkwaju wa msikilizaji wa Mtwara walikuwa watu wawili tofauti wenye sauti moja.

Udadisi huu una kazi katika utengenezaji. Barua na majibu ya wasikilizaji huwaambia waandishi kama mhusika anaeleweka vibaya. Hatari inayojulikana zaidi ni kwamba mhusika mbaya anaweza kupendwa kuliko mwema, kwa kuwa ndiye mcheshi na mwenye visa. Katika Twende na Wakati, mkondo mrefu wa Mkwaju ulitegemea hatari hiyohiyo: kwanza msikilizaji acheke naye, kisha awepo hadi mwisho wake.

Kagera, Benaco na barabara ya malori

Uchaguzi wa dereva wa lori kuwa mhusika mbaya haukuwa wa kubahatisha. Katika Afrika Mashariki na Kati, tafiti za miaka ya 1980 na 1990 zilionyesha kwamba virusi vya UKIMWI vilienea kwa kasi kando ya njia kuu za usafirishaji. Madereva na utingo hukaa mbali na nyumbani kwa wiki nyingi, hungoja mpakani kwa siku kadhaa, na huwa na fedha taslimu mahali ambapo wakazi wengi hawana.

Mkoa wa Kagera ni mfano wa mazingira hayo. Mizigo ya kwenda Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi na Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo, kisha huingia wilaya ya Ngara. Karibu na Benaco, kwenye njia panda ya Nyakasanza, barabara inagawanyika: moja inakwenda daraja la Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, nyingine inakwenda Ngara mjini na Kobero kwenye mpaka wa Burundi. Benaco ya leo ni kituo cha malori, chenye maduka, mama lishe na nyumba za kulala wageni.

Miezi tisa baada ya mchezo kuanza, jina la Benaco lilijulikana duniani kwa sababu nyingine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. Kambi iliyoanzishwa Benaco ikawa kwa muda mfupi na wakazi wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Watu walitoka katika nchi ambayo maambukizi yalikuwa makubwa mijini, familia zilikuwa zimetengana, na wanawake wengi walikuwa wamebakwa. Mashirika, yakiwemo CARE na AMREF, yalianza kazi ya kuzuia UKIMWI na kutibu magonjwa ya zinaa kambini mwaka huohuo wa 1994, mapema kuliko ilivyokuwa desturi katika dharura za wakimbizi. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao mwezi wa Desemba 1996.

Kwa hiyo mambo ambayo msikilizaji wa Kagera aliyasikia katika mchezo yalikuwa pia mambo ya barabarani kwake. Mkwaju alikuwa mtu wa kubuni, lakini njia yake, vituo vyake na hatari yake vilikuwa vya kweli.

Jaribio la Dodoma

RTD ilikuwa na mitambo ya kurushia matangazo katika sehemu mbalimbali za nchi. Mtambo wa Dodoma ulikuwa na uwezo wa kurusha vipindi vyake wenyewe. Watafiti waliitumia nafasi hiyo. Kuanzia 1993 hadi 1995, Twende na Wakati ulipokuwa ukisikika kwingine, eneo la Dodoma lilirushiwa vipindi vingine. Mwaka 1995 mchezo ulianza kusikika Dodoma pia.

Utafiti uliongozwa na Everett Rogers wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, mwanazuoni aliyejulikana kwa nadharia ya kuenea kwa mambo mapya. Alifanya kazi pamoja na Peter Vaughan, Ramadhan Swalehe na wengine. Kila mwaka kuanzia 1993 hadi 1997 watu wapatao 2,750 walihojiwa. Takwimu za kliniki 79 za Wizara ya Afya zilikusanywa pia, ili matokeo yasitegemee maneno ya waliohojiwa peke yake.

Faida ya mpango huu ni kwamba ulitoa ulinganisho mara mbili. Kwanza, maeneo yenye mchezo yalilinganishwa na Dodoma isiyo nao. Pili, Dodoma kabla ya 1995 ililinganishwa na Dodoma baada ya 1995. Mabadiliko yakionekana kwanza kwingine na baadaye Dodoma, ni vigumu kusema yametokana na jambo lililoikumba nchi nzima kwa wakati mmoja.

Matokeo

Matumizi ya uzazi wa mpango kwa wanawake walioolewa yaliongezeka katika maeneo yenye matangazo, huku Dodoma yakibaki karibu palepale. Baada ya mchezo kuanza kusikika Dodoma, matumizi yaliongezeka huko pia. Kati ya wateja wapya wa uzazi wa mpango waliohojiwa kliniki, 41% walisema mchezo huo ulichangia uamuzi wao.

Kuhusu UKIMWI, 82% ya wasikilizaji waliohojiwa mwaka 1995 walisema wamebadili mwenendo ili kujikinga kwa sababu ya mchezo. Miongoni mwao:

- 77% walisema wamebaki na mwenzi mmoja;
- 16% walisema wameanza kutumia kondomu;
- 6% walisema wameacha kuchangia nyembe au sindano.

Usambazaji wa kondomu uliongezeka kwa 153% katika maeneo yenye matangazo, na kwa 16% tu katika eneo la Dodoma katika kipindi hichohicho.

Watafiti waliona pia kwamba mchezo haukufanya kazi moja kwa moja kutoka redio hadi tabia. Mara nyingi ulianzisha mazungumzo. Mke aliyeshindwa kumwuliza mumewe juu ya safari zake aliweza kumwuliza juu ya Mkwaju, na jibu likaeleweka pande zote mbili.

Maswali na ukosoaji

Mchezo na jaribio lake vimeibua maswali ambayo bado yanajadiliwa.

La kwanza ni la kimaadili. Ikiwa mchezo uliokoa maisha, basi wakazi wa eneo la Dodoma walicheleweshewa kinga kwa miaka miwili bila kuulizwa. Wanaotetea jaribio husema kwamba mwaka 1993 hakuna aliyejua kama mchezo ungekuwa na athari yoyote, kwamba huduma za kliniki hazikuzuiwa, na kwamba bila ulinganisho isingewezekana kuzishawishi nchi nyingine zitumie njia hiyo. Wakosoaji hujibu kwamba ugonjwa usio na tiba haungoji takwimu.

La pili ni la kipimo. Sehemu kubwa ya matokeo ya UKIMWI inatokana na watu kueleza mwenendo wao wenyewe, na katika mambo ya faragha watu huweza kusema kile wanachodhani kinatakiwa. Takwimu za kondomu na za kliniki zinapunguza shaka hiyo lakini haziiondoi. Pia kulikuwa na kampeni nyingine za afya nchini katika miaka hiyo, na watu husafiri kati ya mikoa.

La tatu linahusu uwakilishi. Kumfanya dereva wa lori awe sura ya hatari kulieleza ukweli wa njia kuu, lakini kungeweza pia kuwafanya wengine wadhani UKIMWI ni ugonjwa wa madereva peke yao. Waandishi wa michezo ya baadaye walijifunza kugawa hatari kati ya wahusika wa kazi na tabaka tofauti.

La nne linahusu upatikanaji wa redio yenyewe. Katika kaya nyingi mwanamume ndiye aliyemiliki redio na kununua betri. Mwanamke aliyehitaji zaidi kisa cha Tunu huenda ndiye aliyekuwa jikoni saa 12:30 jioni.

Urithi

Matokeo ya Tanzania yalinukuliwa sana katika mijadala ya kimataifa kuhusu elimu kwa njia ya burudani, na yaliimarisha hoja ya kutumia michezo ya redio katika Afrika. Katika eneo la Maziwa Makuu mbinu za aina hiyo zilihamia kwenye masuala mengine, hasa baada ya vita. Nchini Burundi, Studio Ijambo ilianza mwaka 1997 kutayarisha Umubanyi Niwe Muryango, mchezo ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kuhusu majirani wa Kihutu na Kitutsi. Nchini Rwanda ulifuata Urunana mwaka 1999, kuhusu afya, na Musekeweya mwaka 2004, kuhusu chuki na upatanisho. Wilayani Ngara kwenyewe, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha mwaka 1995 Radio Kwizera, ambayo iliwatangazia wakimbizi na wenyeji na ikaendelea kuwa redio ya jamii baada ya kambi kufungwa.

Wazo lenyewe lina asili ndefu. Mchezo wa The Archers wa BBC, unaosikika nchini Uingereza tangu tarehe 1 Januari 1951, ulianzishwa kwa sehemu ili kuwafundisha wakulima mbinu bora baada ya vita. Tofauti ya Twende na Wakati ni kwamba athari yake ilipimwa tangu siku ya kwanza, na kwamba jambo lililokuwa hatarini lilikuwa uhai wa wasikilizaji.

RTD iliunganishwa baadaye katika Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na idhaa yake ya taifa leo inaitwa TBC Taifa. Kwa watu waliokuwa watoto au vijana katika miaka ya 1990, jina la Mkwaju linabaki kuwa moja ya alama za redio ya wakati huo.

Tazama pia

- Benaco
- Ngara
- Radio Kwizera
- UKIMWI nchini Tanzania
- Pwagu na Pwaguzi
- Mtu ni Afya
- Ushikwapo Shikamana